Mtambazi wa Bibi na Panga la Mtani

Wiki iliyopita nilikwenda Buseresere kufuata mzigo wa vitenge, na wakati dereva anaziba pancha nikajipitisha kwenye kitalu cha miche kilichoko kando ya barabara. Mimi napenda maua kuliko kiwanja changu cha hapa Geita kinavyoweza kubeba, na wanangu wamechoka kuniambia. Binti muuzaji akanionyesha mche mmoja wenye majani magumu, akasema unaitwa wisteria, unatoa maua ya zambarau yanayoning'inia, na nikiupa samadi nyingi na maji kila siku nitafurahi mwenyewe. Jamani, nilicheka mpaka yule binti akajikagua gauni. Maskini, hakuwa na kosa. Alikuwa amenirudisha Shinyanga, nyumbani kwa bibi yangu, nina miaka kumi na ndoo ya mavi ya ng'ombe kichwani.

Wajuzi wananiambia ule wa bibi haukuwa wisteria yenyewe, ni ndugu yake wa nchi za joto. Waache waseme. Sisi tuliuita mtambazi, na uliitika.

Bibi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Babu alimleta Shinyanga alipofungua kiduka cha chumvi na kanga karibu na stesheni, na siku anaondoka kwao bibi alikata kijiti kwenye mmea uliotambaa ukutani kwa mama yake, akakichomeka kwenye kopo la maziwa ya unga, akakipakata ndani ya treni mpaka Tabora na kutoka Tabora mpaka kwetu. Alitusimulia mara nyingi jinsi mama yake alivyokuwa akitandika mkeka chini ya maua yale, akamsuka nywele huku vimaua vikimdondokea mapajani. Babu alikufa kabla sijazaliwa, duka likafungwa, bibi hakurudi pwani. Kitu pekee cha kwao alichobaki nacho ni mtambazi, na alikuwa na haja moja tu nao: uchanue, aione tena ile rangi ya nyumbani.

Ulishika vizuri, usiulize. Ulipanda ukuta wa jikoni, ukafunika paa la choo, ukanyoosha mikono hadi kwa jirani. Majani yalikuwa mengi na yanakwaruza kama msasa, na miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni tuliyatumia kusugulia masufuria. Lakini ua hata moja hatukuliona. Bibi alingoja zaidi ya miaka ishirini.

Kosa lilikuwa letu, ila tulilifanya kwa mapenzi. Kwetu Usukumani samadi ni dawa ya kila kitu. Mahindi yamedumaa, weka samadi. Mchicha umenyauka, weka samadi. Kwa hiyo mtambazi ulipokataa kuchanua tukauongezea samadi, na ulipozidi kukataa tukauongezea tena. Kila Jumamosi nilibeba ndoo mbili kutoka zizi la jirani, nikamwagia na maji ya kuoshea mchele juu yake. Kiangazi, bomba likianza kukohoa hewa, bibi alioga nusu ndoo ili nusu nyingine uipate mtambazi. Mama alinong'ona kwamba mmea ule unaogeshwa kuliko sisi.

Huyo jirani mwenye zizi alikuwa mjane wa Kisukuma, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, na kama hukulelewa katika utani ngoja nikueleze. Mtani atakutukana asubuhi umjibu mchana. Atakamata kuku wako mbele ya macho yako, ukitaka kumkomboa utatoa chochote atakachotaja, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Kila kukicha jirani alisimama kizingitini na "mwangaluka" yake, maana ndiyo salamu ya asubuhi ya kwao, bibi akaitika, kisha wakaanza. Jirani alisema Wazaramo kwa uvivu wao wamepanda mti wa kuoshea masufuria. Bibi alisema Wasukuma wakiona bustani wanamwita ng'ombe aje ale. Bibi akijitetea kwamba mvumilivu hula mbivu, mwenzake alimuuliza mbivu gani na hata mbichi hatujaionja. Baada ya hapo walikaa kunywa chai kwa michembe na karanga, michembe ile ya viazi vilivyokaushwa juani, huku mimi nikidokoa sinia kila wakisahau kuniangalia. Hakuna raha niliyowahi kuipata kama kuwasikiliza wale wanawake wawili wakitukanana.

Mwaka mmoja, mwanzo wa kiangazi, bibi aliitwa Kisarawe kwenye harusi ya mpwa wake. Akaniachia mtambazi. Alinionyesha pa kumwagia maji, akaniambia akirudi ataukagua kama mkaguzi wa shule. Kwa haraka ya safari hakwenda kumuaga jirani.

Siku ya nne, jua la saa nne, jirani akaingia uani na panga. Hakuwa na hasira, alikuwa anatabasamu. Alimwambia mama kwamba mtani aliyesafiri bila kuaga, mali yake imekamatwa, na yeye zizi lake limelegea anahitaji kamba. Mama alishika kichwa lakini hakuthubutu kumzuia, maana kumgombeza mtani ni kujitia aibu. Panga likafanya kazi. Mikono mirefu ikashuka kutoka juu ya choo, kutoka jikoni, kutoka kila mahali, na jirani akaiburuta kwake mizigo sita, akafungia nguzo za zizi. Ukabaki mguu mnene na vigutu vitano. Bibi akirudi, alisema, aje aikomboe kwa nazi moja. Mimi nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, akaniletea mtindi kwenye kibuyu, nikaunywa huku nalia. Mtindi wake ulikuwa mtamu hata ukiwa na huzuni.

Bibi alirudi na nazi kumi. Alisimama uani na buibui lake la safari, akautazama ule mguu. Tulingoja acheke. Desturi ilimtaka acheke, achague nazi, aende kwa jirani na matusi mapya ya pwani. Hakufanya hivyo. Aliingia chumbani akafunga mlango. Kesho yake "mwangaluka" ilikuja kizingitini ikakosa wa kuiitika, na siku iliyofuata vivyo hivyo. Mtaa mzima ukajua kwamba bibi amenuna kwa mtani wake, jambo ambalo kwetu ni zito kuliko ugomvi wa kweli. Sikuogopa tena kuhusu mmea. Niliogopa kwamba sitawasikia tena wakitukanana.

Siku ya tano jirani alikuja bila salamu. Alikaa chini, si kwenye kigoda chake, akazungumza taratibu mpaka nikadhani anaumwa.

"Mtani, nilidhani ni majani ya masufuria. Wewe mwenyewe uliyasugulia mbele yangu."

Bibi alielekeza kidole kwenye vigutu. "Ule ni wa ukutani kwa mama yangu," akasema. "Nilitaka uchanue mara moja tu."

Miaka yote ile ya chai na michembe, na hilo bibi hakuwahi kumwambia. Sisi wajukuu alitusimulia, mtani wake alimpa mizaha tu. Jirani aliweka kiganja mdomoni. Aliomba msamaha, bibi akaupokea kwa maneno, lakini moyo ulikuwa bado. Wakawa wanasalimiana kwa adabu, shikamoo na marahaba, za asubuhi na za jioni, na adabu ile ilituchosha sote. Bibi akanikataza kupeleka samadi wala tone la maji pale. Alisema maiti haoshwi kila siku.

Kiangazi kikapita, ardhi ikapasuka. Karibu na mvua za kwanza nilitoka asubuhi na mswaki mdomoni, nikaona vigutu vimetoa vitawi, na kila kitawi kimebeba shada la zambarau lililoning'inia, refu kama mkono wangu, hata majani huyaoni. Nilipiga kelele mpaka mswaki ukaanguka. Bibi akatoka na kanga ya kulalia. Alisogea, akashika shada moja kwa vidole viwili, akalinusa ingawa halikuwa na harufu ya maana, na machozi yakamtoka huku anacheka. Kisha akaenda pekupeku hadi kwenye zizi la jirani, akasimama mbele ya nguzo zilizofungwa kwa mtambazi wake.

"We mwizi wa Kisukuma! Toka uone ulichokiiba!"

Sitasahau jirani alivyotoka mbio na kikombe cha kukamulia maziwa mkononi, na uso wake ulivyofunguka aliposikia anatukanwa. Alitazama maua, akamtazama bibi, akatangaza kwamba ua ni lake kwa kuwa panga ni lake. Wakaanza palepale. Siku ile tulipika wali wa nazi, jirani akaleta jogoo, na sisi watoto tukarusha vimaua juu kwa sababu vikishuka vinazunguka vyenyewe. Bwana shamba akapita, akacheka alipoambiwa habari za zile ndoo za samadi. Alisema mmea ulioshiba hauna haraka ya kuzaa, tuliunenepesha mno, na kukatwa pamoja na kiu ndiko kulikouamsha.

Tangu hapo kila mwanzo wa kiangazi ilikuwa sikukuu yetu. Bibi alimwita jirani aje na panga, akamsimamia na kumkosoa kila pigo, na kila mwaka walibishana ua ni la nani. Bibi alisema ni la Kisarawe. Jirani alisema Kisarawe hawakuwahi kulipiga panga. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Nilipokuwa darasa la saba ilikuja barua kutoka kwa dada yake bibi, nikaisoma mimi kwa sauti. Ukuta wa nyumba ya mama yao ulianguka kwa mvua na kuua mmea wa pale, wanaomba kijiti. Jirani alifurahi hadi akatuaibisha. Wazaramo wanakuja kuomba ua Usukumani! Lakini alikata vijiti vitatu kwa mkono wake, akavichagua kwa makini kuliko anavyochagua ndama, na akasema havisafiri bila yeye. Tukapanda treni sisi watatu, na jirani, mtu ambaye hajawahi kupita Tabora, akakaa dirishani njia nzima akidharau ng'ombe wa Wagogo kuwa wadogo.

Leo pale kwetu Shinyanga pamejengwa maduka, na wenyewe wawili wamelala, mmoja makaburi ya Waislamu, mwingine kwao, kwenye boma la wanawe. Utani nao umekuwa maneno ya kwenye harusi tu. Juzi jirani yangu hapa Geita nilimtania kuhusu kabila lake, akaniuliza kama nina tatizo naye. Nilimpa pole nikaingia ndani, na nikaona upweke kwelikweli.

Lakini nilikuwepo Kisarawe. Niliwaona shangazi na wajomba wamejaa uani, nikamwona jirani amechuchumaa kwenye udongo mwekundu anachimba shimo, na kila mtu anamuuliza bibi huyu mama mrefu ni nani. Nilingoja tusi, maana lilikuwa linahitajika.

Bibi akajibu, "Mwenye ua."