Mpare Aliyepanda Kilima cha Watu

Kama hujawahi kukosana na Mpare, mshukuru Mungu wako. Adelina Mbwambo mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia watu hivyo pale kanisani Scarborough, na watu walicheka wakidhani anatania. Thubutu. Mama huyu alizaliwa Mbaga, milimani Upareni, akaja Toronto na mumewe Godson mwaka 1998, akaajiriwa kufua mashuka kwenye nyumba ya kulelea wazee, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemkosea akasahauliwa. Dereva wa basi la Lawrence aliyewahi kumfungia mlango siku ya barafu, Adelina alikuwa anamtambua hata kwa kisogo.

Lakini huyo dereva alikuwa wa kupitishia muda tu. Mtu aliyemweka kiporo hasa alikuwa Genoveva.

Genoveva ni Mchaga wa Rombo, na Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kununa. Kazi yake kubwa ni msibani: wafiwa wamejikunyata, hawali, hawasemi, yeye anaingia na vituko vyake, anamwigiza marehemu, mpaka mfiwa anacheka machozi yakiwa bado yanamtiririka. Mtani wako akija msibani kwako asikutanie, watu wanaulizana kulikoni, maana hapo ni kama amekukana hadharani. Kwa miaka minane wanawake hawa wawili walitaniana hivyo, mmoja akiitwa mchoyo na mwingine akiitwa mwizi, na kila mwisho wa mwezi walikwenda dukani pamoja wakagawana mfuko wa mchele nusu kwa nusu.

Godson alikuwa mpishi kwenye mgahawa wa Kigiriki, mtaa wa Danforth. Ukutani palikuwa na picha ya kijiji alichozaliwa tajiri wake: nyumba nyeupe ufukweni, na juu yake kilima chenye magofu ya kale, kuta za mawe zilizobomoka zinazotazama bahari. Godson aliipenda picha ile kuliko picha ya harusi yake. Kila Krismasi, wakishalala, alimwambia mkewe, "Mama, funga mizigo. Mwakani nakupeleka kule juu." Mwakani ikaja ikapita, mara saba. Yalikuwa maneno ya watu wawili chini ya blanketi, na Adelina aliyapenda hivyo hivyo yalivyo. Mtu mmoja tu aliyewahi kumsimulia ni Genoveva, jikoni, kwa siri, huku wakichambua mchele.

Februari ya 2006 Godson akaanguka kwa kiharusi, akafa. Siku ya kuaga mwili, Genoveva aliingia ukumbini amevaa koti la marehemu, limemfika magotini. Akajilaza kwenye benchi kando ya jeneza, akafumba macho, kisha akasema kwa sauti ya Godson ile ile ya puani, "Mama, funga mizigo. Mwakani tunakwenda Ugiriki. Safari hii nimechelewa kidogo tu."

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Mchungaji aliinama akijifanya anatafuta kitu kwenye Biblia, mabega yakimtikisika. Adelina naye alicheka. Ulitaka afanye nini? Alicheka, na ndani maini yalikuwa yanamkatika, kwa sababu neno lake la chumbani lilikuwa linapita midomoni mwa watu mia mbili, na mumewe amelala pale mbele hawezi kujitetea.

Usiku ule ule akala kiapo cha mambo mawili. La kwanza, kilima kile atakipanda kwa miguu yake mpaka juu, ahadi ya Godson isije ikachekwa tena. La pili, atangoja msiba wa Genoveva. "Na mimi ni mtani," alimwambia binti yake. "Nitamtania mpaka ashindwe kusimama." Binti akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba aachane na hayo mambo. Mtoto wa Kanada, angejua nini.

Ilimchukua miaka minane. Septemba ya 2014 alishuka kwenye basi katika kijiji kile cha pichani, peke yake, amevaa raba na kitenge, umri miaka hamsini na sita. Mwenye nyumba aliyofikia akamshauri apande alfajiri na asithubutu peke yake, njia ni kali. Adelina akakaza kamba za raba. Kilima chenyewe, kwa mtu wa Mbaga aliyekuwa akibeba kuni kichwani tangu ana miaka saba, kilikuwa njia ya kwenda kisimani. Watalii walikaa kila kona wakihema na kunywa maji. Yeye aliwapita akiwapa pole kwa Kiswahili.

Njiani alikuwa akisema na Genoveva. Alikuwa akimsema, tuseme ukweli. Kila hatua neno, kila kona tusi, mpaka mbuzi waliokuwa wakila majani kando ya njia wakanyanyua vichwa.

Juu alikuta kuta zinazomfika kiunoni, lango lisilo na mlango, kibao chenye maandishi asiyoweza kuyasoma, na mavi ya mbuzi. Akapapasa mawe. Yalipangwa bila udongo wala saruji, kama kingo za mashamba alizojenga baba yake kule kwao, na kona moja ilikuwa imekaa vibaya kiasi kwamba baba yake angeibomoa aanze upya. Chini bahari ilikuwa bluu, nyumba nyeupe, kila kitu mahali pake kama ukutani kwa tajiri. Hapo ndipo hasira ilipomgeukia Godson. "Hiki ndicho?" alimwuliza kwa sauti. "Mwendo wa saa moja na nusu, Godson. Umeshindwa kunileta kwa mwendo wa saa moja na nusu?" Akakaa juu ya ukuta wa watu akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu amzike, na alipomaliza kulia akamchukia Genoveva upya.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja mwenye kamera. Adelina akampa simu ampige picha. Yule bwana akamwomba atabasamu. Adelina akamwambia hapana, hakuja kutabasamu, arudie. Walirudia mara sita, mpaka akaipata sura aliyoitaka: mwanamke amesimama langoni, mikono kiunoni, anamtazama mtu usoni. Aliporudi Scarborough aliisafisha picha hiyo kwa ukubwa wa meza, akaikunja, akaisokomeza chini ya kitanda, iwe tayari kwa siku ya msiba.

Kisha akangoja. Genoveva alikuwa na mume, Gelasius, mhasibu, mtu mpole, nyumba yao ya ghorofa iko Markham. Adelina alikula kwenye meza yake kila Pasaka na kumwombea afya njema, na nadhani maombi yale hayakutoka moyoni. Genoveva naye hakuwa ameacha kuropoka siri zake jikoni. Alikuwa amemsimulia Adelina kwamba yeye na mumewe waligombana, akamfukuzia chumba cha chini, na kwamba kila usiku yule mzee alipanda ngazi kubisha hodi akiomba mto. Adelina aliitunza hiyo hodi. Aliifanyia mazoezi mbele ya kioo, na sauti ya Gelasius, na kikohozi chake.

Novemba ya 2016 Gelasius akafa.

Jumamosi ya kuaga, Adelina aliingia ukumbini na picha yake ndani ya mfuko. Alipoonekana mlangoni, watu walianza kugusana viwiko. Wengine walitoa simu kabisa. Genoveva alikuwa mbele, amevaa nyeusi, uso umevimba, hajala tangu Jumanne. Akainua macho, akamwona. Uso mzima ukafunguka. Midomo ilishaanza kumcheza, na akavuta gauni kumpisha nafasi ya kufanyia vituko vyake.

Adelina akasimama katikati ya njia. Aliuona uso ule na akaelewa jambo ambalo hakulielewa kwa miaka yote kumi, hata mbele ya kioo chake: huyu mwanamke alikuwa anamngoja. Alikuwa anamngoja yeye tu, kama mgonjwa anavyongoja dawa. Akibisha ile hodi, Genoveva atacheka, atapona, atakula. Adelina atakuwa amemtibu.

Akaufunga mfuko. Akaenda mbele, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ameushika kiwikoni, kwa adabu zote.

"Pole sana, dada Genoveva. Mungu akutie nguvu."

Genoveva akaushika mkono, akitabasamu, akidhani ndiyo mwanzo. "Haya," akasema. "Endelea."

"Ni hivyo tu, dada. Msiba ni mzito. Poleni nyote."

"We Mpare." Sauti ilikuwa imeshuka. "Hata neno moja?"

"Marehemu alikuwa mtu mwema sana."

Kicheko kilichokuwa njiani kikageuka kooni mwa Genoveva, akalia mdomo wazi, mpaka wanawake wawili wakamshika asianguke. Watu wakashusha simu zao. Adelina akamwangalia mpaka akatosheka, na ilikuwa tamu, sitakudanganya. Kisha akamwachia mkono, akageuka kutafuta pa kukaa. Walimpisha haraka, safu nzima, wakamwamkia shikamoo mama, karibu mama, na hakuna hata mmoja aliyemwita Mpare.