Chomoa, Mvua Inakuja

Simu ya kwanza nyumbani kwetu Shieywe, mjini Kakamega, ilikuwa nyeusi na nzito, na mlio wake ulisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Baba aliipata zamani akiwa karani wa serikali, enzi ambazo mtu mwenye simu aliombwa simu kama watu wanavyoombana chumvi. Alipofariki alituachia nyumba, kabati la vitabu vya kanisa na simu hiyo. Vitabu mama hakuvigusa. Simu aliipangusa kila asubuhi.

Niseme mapema kazi yake ilikuwa nini, maana miaka hii hakuna anayekaa na simu ya waya bila sababu. Mama yangu alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa Matungu kwa Waislamu na kusilimu huko huko. Babu alikasirika, akaapa hatakanyaga boma lile, na kweli akafa bila kulikanyaga. Wajomba nao walifuata nyayo zake. Aliyebaki kumtafuta ni mama peke yake. Kila siku, mama mkubwa akishaswali adhuhuri, alichukua simu ya mkononi ya mwanawe na kupiga kwetu, na mama alikuwa ameshavuta kiti anangoja. Waliongea habari za kuku, za miwa ambayo lori halijaja kuichukua, za magoti yao. Nusu saa nzima ya magoti.

Lakini walivyozidi kuzeeka, kulikuwa na simu nyingine waliyokuwa wakiingoja, na mama mkubwa hakuwa mtu wa kuficha. Siku moja alikuja kututembelea, tukampikia obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku aliyechinjwa na jirani yetu Mwislamu, na alipomaliza kunawa mikono akamwambia mama mbele yangu:

"Kwetu maiti hangoji. Ukipigiwa, usiseme ati unatafuta nguo. Kuja vile uko, unione uso kabla hawajanifunga sanda."

Mama akasema atakuja hata na aproni. Wakacheka, wakagongana mabega kama wasichana. Mimi nilikuwa nikiondoa sahani, na niliyasikia yote vizuri, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mtu atauliza kwa nini mama hakupewa simu ya mkononi kama watu wengine. Alipewa. Sikio lake moja limekufa na la pili linasikia likitaka, na vidole vyake vinatetemeka, kwa hiyo kila aliyempigia alikatwa kabla hajamaliza salamu. Simu ile iliishia kabatini pamoja na vitabu vya kanisa. Ya mezani ilikuwa na mkono wa kushika, mlio wa kuamsha wafu, na haikuwa na kitufe cha kukata kwa bahati mbaya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilirudi kwa mama baada ya ndoa yangu kunishinda, au mimi kuishinda, sijali nani anasema vipi. Nilirudi na mabegi mawili, kompyuta na kiu ya intaneti. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, na ulianzia kwangu. Waya wa simu ya baba ulikuwa unakwaruza, lakini ulikuwa unafanya kazi. Sikuwa nimekerwa na ule mkwaruzo. Nilitaka kuangalia filamu zangu jioni bila kununua bando, na nikajua mama hatakubali waya mpya uingie nyumbani kwa ajili ya filamu. Kwa ajili ya simu, angekubali.

Wauzaji walikuwa wakipita lango kwa lango wakiwa na fulana za rangi moja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mithali hiyo naifundisha darasani kila mwaka, na bado nilifungua lango. Yule aliyekuja kwetu alieleza kuwa simu sasa inapita kwenye intaneti, sauti ni safi, namba ni mpya lakini unaweka simu yoyote ya mezani yenye vitufe vikubwa. Nilimtafsiria mama kwa Kiluhya, nikaruka yale niliyoona hayamfai. Sikumwambia kwamba kisanduku cha intaneti kinakula stima na kwamba stima ikikosekana simu nayo imekufa. Ile ya baba haikuhitaji stima yetu. Nyumba nzima ingeweza kuwa gizani na bado ingelia.

Mama aliuliza swali moja tu, kama dada yake atampata. Nikasema atampata vizuri kuliko zamani. Waya wa baba ukakatwa, nikaandika namba mpya kwenye kipande cha katoni kwa kalamu nene, nikampelekea binamu yangu Matungu, akaibandika ukutani juu ya kitanda cha mama yake.

Sasa, Kakamega na radi ni ndugu. Asubuhi jua, mchana mawingu, na saa tisa hivi mbingu zinapasuka, na si radi za mchezo. Ukizaliwa hapa unafundishwa kabla hujajua kusoma: ngurumo ya kwanza ikisikika, televisheni inachomolewa, redio inachomolewa, kioo kinafunikwa leso, na hakuna anayeegemea mlango wa chuma. Mwaka mmoja kabla ya hapo radi ilikuwa imetuchomea televisheni. Kwa hiyo fundi alipomaliza kufunga kile kisanduku chenye taa za kijani, mimi mwenyewe nilimshika mama mkono, nikamwonyesha plagi. Nikamwambia, chomoa mvua ikija. Nikamfanya arudie mara tatu kama mtoto wa darasa la kwanza, na akaweza. Niliipenda sana intaneti yangu.

Mama alikuwa mwanafunzi mwema. Wingu likifanya tu giza upande wa msitu, anachomoa. Ngurumo ikisikika mbali huko ambako si kwetu, anachomoa. Hairudishi mpaka aone kuku wametoka nje tena.

Haikuchukua muda akalalamika. "Hii simu yako inanyamazanga kabisa," aliniambia. "Ile ya baba yako ilikuwa inalia hata kama ninaogopa kushika. Mvua ikiisha ninajua kulikuwa na mtu." Nilimjibu kwamba radi ikiua kisanduku tutabaki bila simu kabisa, na nikaona nimejibu kama msomi.

Mama mkubwa naye alilalamika kwa namna yake. Jumapili moja nilishika simu mimi, akanisalimu, akaniuliza ni msichana gani huyo tumemwajiri. Kila mvua ikinyesha, alisema, anapokelewa na msichana wa Kizungu, na amemtolea salamu mara ngapi, hajajibu hata moja, hana adabu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimweleza kuwa ile ni sauti ya mashine inayosema simu haipatikani. Akauliza, "Na ikiwa ni siku yangu, nitamwachia huyo?"

Nilisema hapana, mama mkubwa, siku hiyo utanipata mimi kwa simu yangu ya mkononi. Nilisema hivyo haraka, kwa sababu nilikuwa na filamu imesimama katikati.

Siku yenyewe ilikuwa wakati wa mitihani ya kitaifa. Anayejua mambo ya shule anajua kwamba msimamizi haingii na simu chumba cha mtihani. Asubuhi simu zetu huzimwa na kufungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na hazitoki mpaka karatasi ya mwisho ifungwe na kupigwa muhuri. Nilikuwa nimempa binamu yangu namba yangu. Sikumpa ya jirani, wala ya kanisa, wala ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa nilijiona natosha.

Siku hiyo mvua haikungoja saa tisa. Saa sita mbingu zilikuwa nyeusi tii, na kutoka dirisha la chumba cha mtihani niliona miti ikiinama. Nakumbuka niliwaza, mama atakuwa ameshachomoa. Niliwaza hivyo nikaridhika.

Mama mkubwa alifariki saa hiyo hiyo, karibu na adhuhuri. Alikaa kitandani ashike udhu kwa maji ya birika, akalala upande, basi. Binamu yangu alianza kutupigia saa saba. Kwangu, imezimwa. Kwa mama, yule msichana wa Kizungu. Alipiga tena, akapiga tena. Boda boda hazikukubali kusafiri kuja Kakamega katika mvua ile, na hata angekubali mmoja, mama angefika Matungu jioni. Waliomba maziko yangoje mpaka baada ya alasiri, na waliongezewa muda huo. Baada ya hapo hapakuwa na la kuongeza.

Na mama wakati huo alikuwa wapi? Alikuwa kando ya simu. Amevuta kiti chake kama kawaida, kioo kimefunikwa, plagi iko sakafuni, anangoja mvua ikatike aongee na dada yake. Alikaa hapo saa tano nzima akiwa na hakika kwamba dada yake anajua mvua ni mvua. Kuku walipotoka, karibu saa kumi na moja, akachomeka. Taa zikawaka moja moja, na kabla ya ile ya mwisho kutulia simu ikalia. Mama aliniambia baadaye kwamba alifurahi.

Binamu yangu alimwambia, "Mama mdogo, tumepiga mpaka tumechoka. Tumeshamweka."

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaona orodha ya simu zilizonikosa, ndefu kuliko kioo cha simu. Nilimkuta mama ameketi amevaa aproni. Sijui kama alikuwa ameivaa tangu asubuhi au aliivaa baada ya kusikia, na sijawahi kuuliza. Mkono wa simu ulikuwa umewekwa vizuri mahali pake. Nilianza kusema samahani, akanionyesha kwa kidole nikae, tukakaa.

Tulifika Matungu kesho yake asubuhi. Kaburi lilikuwa udongo mbichi uliolowa, na mama alisimama hapo ameshika viatu vyake mkononi. Ndani ya nyumba, mwanamke aliyeongoza kuosha maiti alikuja kukaa karibu naye. Alitaka kumfariji, na nadhani ndiyo maana alimwambia. Alisema kwamba walimvisha sanda yote, wakaacha upande wa uso peke yake, kwa sababu marehemu alikuwa amewausia kuna mtu atakuja kutoka Kakamega.

"Tulimwacha uso wazi," alisema. "Kila pikipiki ikipita tulikuwa tunachungulia. Mwisho sheikhe akasema inatosha."

Mama aliuliza nani alimfunga. Yule mwanamke akasema ni yeye. Mama akamshukuru, akaiinua mikono miwili ya yule mwanamke, akaiangalia kwa muda mrefu.

Kisha wajomba nao walikuja kwetu Shieywe kutoa pole, wale wale ambao hawakuwahi kumtembelea dada yao akiwa hai. Waliketi kwenye makochi yetu, wakanywa chai yetu, wakasema Waislamu wana haraka gani, kwani marehemu alikuwa anaoza, watu hawa hawajali ukoo. Walisema hivyo kwa saa nzima. Kisanduku cha intaneti kilikuwa juu ya vichwa vyao ukutani, kinameta kijani. Nilijua kosa ni la nani. Watu wa Matungu walimngoja mama kadiri dini yao ilivyowaruhusu na zaidi kidogo. Aliyefunga mlango ni mimi, nikamfundisha mama jinsi ya kuufunga, nikamfanya arudie mara tatu. Niliongeza chai. Kama kuna kitu kinachonifanya nijichukie kuliko vyote ni ile chai.

Mama hajanilaumu mpaka leo. Angenitukana ningepumua. Anakula ninachopika, ananiuliza habari za shule, na bado anavuta kiti kando ya simu kila adhuhuri, ingawa hakuna anayempigia isipokuwa watu wa benki na waliokosea namba.

Juzi juzi nilikuwa nyumbani mchana, likizo. Wingu likaja, ngurumo ikapiga karibu sana, vikombe vikalia kabatini. Nilitoka chumbani mbio. Kioo kilikuwa wazi. Televisheni ilikuwa imechomolewa, redio pia, lakini kisanduku kilikuwa kinawaka taa zote, na mama ameketi hapo hapo chini yake, mkono wake juu ya simu. Mama yangu, ambaye alikuwa akinificha chini ya meza ya mbao nikiwa mtoto. Niliinama niishike plagi.

"Wacha," aliniambia. "Wacha iwake. Sasa hiyo radi itanichukulia nani?"

Nikaiacha. Mwanga ukapiga dirishani, nikafunga macho, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake mpaka mvua ikaisha.