Wavu Uliokwenda Goma

Neno lenyewe sitaliandika. Limeshaandikwa vya kutosha, kwenye fulana nyeupe, kwenye kofia, kwenye kitambaa kirefu kilichotundikwa mbele ya kanisa letu hapa Pinga mpaka mvua ikakichana. Ni neno la lugha ya mama yangu, lugha ya watu wa msitu wa Walikale, na kwa Kiswahili naweza kulisogeza karibu tu: mtu wa fundo. Anayetaka neno kamili akaliulize Goma. Wao ndio wenye nalo sasa.

Lilitoka kwenye uwindaji. Baba alikuwa na wavu aliousokota mwenyewe kwa nyuzi za mimea ya porini, kazi iliyomla misimu kadhaa. Lakini wavu mmoja haukamati kitu. Mnyama anauzunguka tu, anakwenda zake. Kwa hiyo wanaume huenda msituni pamoja, kila mmoja na wake, wanazisimamisha nyavu kati ya miti na kuzifunga ncha kwa ncha mpaka zikumbatie kipande kizima cha msitu, kisha mbwa wenye kengele za mti shingoni wanaachiliwa. Yule ambaye ncha ya wavu wake imefungwa kwenye ncha ya wavu wako, huyo ndiye mtu wako wa fundo. Baba alifungana na mtu mmoja tangu ujana wao hadi baba alipokufa, mwanamume mrefu na mkimya ambaye sisi watoto tulimwita Papa na ambaye hatukuwahi kumwona akicheka tukayajua meno yake.

Sheria ya fundo ni kali. Mboloko, yule swala mdogo wa msituni, akipenya pale nyavu mbili zinapokutana, hakuna kuulizana nani alilegeza. Wote wawili wanarudi mikono mitupu. Atakayemnyooshea mwenzake kidole atatafuta mtu mwingine wa kufungana naye, na hatampata. Halafu iko sheria nyingine: wavu ulioingia msituni unakula, hata kama mwenyewe yuko kaburini. Ndiyo maana baba alipokufa mama hakukosa kitoweo. Alfajiri ya uwindaji mtu wa fundo alipita kuuchukua wavu wa baba, akausimamisha pamoja na wake, na jioni fungu la wavu ule lilikuwa la mama. Mama hana ng'ombe, hana mume, na mguu wake mmoja haumpeleki tena shamba la mbali. Alikuwa na wavu.

Mimi ni mwalimu. Niliolewa Masisi, nikafundisha karibu na Lushebere na kulima maharagwe kwenye kilima cha ukoo wa mume wangu, mpaka risasi zilipotutoa huko na nikarudi kwa mama pamoja na watoto wangu. Kule Masisi nilisikia maneno mengi ya kushirikiana. Iko salongo, kazi ya pamoja, ambapo wote wanashika jembe isipokuwa aliyewaita. Iko shirika, majirani wanaosali pamoja, na hao siwasemi vibaya, wamenizikia mtoto. Uko muungano, ambao kwenye redio maana yake ni kwamba wenye bunduki wawili wameacha kupigana ili wampige wa tatu. Siku hizi ukisikia muungano mpya umezaliwa, unafunga mizigo kabla habari haijaisha.

Halafu likaja la partenariat, ubia kwa Kifaransa. Lilikuja kwa pikipiki, maana gari halifiki kwetu: wageni wa mradi fulani kutoka Goma, matope mpaka magotini, na sanduku la biskuti na sucré, soda za chupa. Walitukusanya kanisani. Mkubwa wao, mwanamke mwenye sauti nzuri, aliongea Kifaransa na mimi nikatafsiri, kisha akaamua kusema mwenyewe kwa Kiswahili.

"Hatukuye kubapatia vitu. Tumekuya kuwa partenaires benu. Sasa ile partenariat, mu luga yenu, munaiitaka namna gani?"

Wanaume walikohoa. Mama akasimama, akasema neno, na alipoona wageni hawaelewi akawatuma wajukuu wake walete wavu nyumbani. Aliutandaza juu ya mabenchi ya kanisa. Akaeleza ncha, akaeleza fundo, akaeleza lawama isiyosemwa. Sijawahi kumwona mama akiongea hivyo mbele ya watu, na nakiri nilijivuna kama tausi. Wageni walipiga makofi. Waliandika. Walipiga picha wavu, picha mkono wa mama juu ya wavu, picha mkono peke yake.

Kisha wakauomba. Ulikuwa wa kuonyeshwa tu kwenye sherehe ya kufungua mradi, Goma, ungerudi na pikipiki ya kwanza. Nilimvuta mama pembeni.

"Mama, usibape. Hata fasi banaikalaka hatuijue."

"Nabakatalia namna gani? Bameniita partenaire mbele ya bantu bote. Miye njo nimetoka kubafasiria ile neno. Nirudi niseme wavu iko yangu peke?"

Nilikuwa na majibu mengi, na yote niliyatoa. Hakuna hata moja lililomgusa. Kwake mtu akijifunga kwako hadharani amefungwa, na wewe umefungwa; kumnyima ncha ni kumtukana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Wageni wetu waliukunja wavu wa baba vibaya, kama wanakunja shuka, wakaufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira.

Pikipiki ya kwanza ilirudi na fulana. Ya pili na kofia. Baadaye rafiki yangu wa Goma alinitumia picha kwenye simu: wavu wa baba umepigiliwa misumari ukutani katika ofisi yenye vigae, na chini yake neno la mama kwa herufi kubwa za bluu, limekosewa. Nilikasirika. Bado nimekasirika, sioni sababu ya kuacha. Nilipanda kilima kutafuta réseau nikapiga simu. Yule mwanamke alikuwa amehamishwa. Aliyepokea alikuwa kijana wa adabu sana.

"Madame, ile filet njo contribution yenu mu partenariat," aliniambia. "Benyeji nabo banapashwa kuchangia kitu."

Nikamwuliza wao walichangia nini. Akasema, visibilité, yaani wametufanya tuonekane. Nilipopiga tena, namba haikupatikana, na watu wanasema mradi wenyewe umefungwa.

Mama sikumficha. Alinisikiliza huku anachambua sombe, majani ya muhogo, akasema waliojua kusokota nyuzi zile walikuwa baba na mzee mwingine tu, na huyo mzee vita vilimchukua.

Msimu wa kuwinda ulipofunguka, mtu wa fundo alikuja alfajiri, kama kawaida. Alitazama nyuma ya mlango.

"Wavu iko wapi?"

"Ilienda Goma," mama alisema. "Haitarudi."

Nilingoja amlaumu, afadhali angemlaumu, ningepata wa kugombana naye. Lakini mdomo wa fundo haulaumu. Alisema tu kwamba pengo haliwezi kuachwa wazi msituni, atafungana na mtoto wa kaka yake, na mama akaitikia kwa kichwa, maana sheria anaijua kuliko yeye. Aliondoka na wavu wake mmoja begani.

Jioni alirudi. Miaka yote tangu baba afe, huyu mtu alikuwa akiingia mpaka jikoni bila kubisha hodi, anaweka nyama juu ya jani karibu na moto na kutoka. Mama hata kichwa hakuinua. Mtu hashukuriwi kwa kukuletea kilicho chako. Jioni ile alisimama nje. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, ameshika kipande kidogo kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kwenye msiba.

"Hodi, mama," alisema. "Nimekuletea kanyama kadogo."

Mama aliinuka kwa mguu wake mbovu, akaenda mpaka mlangoni, akapiga goti kidogo, akapokea.

"Aksanti, papa," alimwambia. "Aksanti sana."

Mtu wa fundo aliinamisha uso kama aliyetukanwa. Na tangu siku hiyo mama anasema aksanti kila mara.