Bi Mize na Mwezi wa Kumi

Pale Ngamiani, Tanga, kwenye barabara zinazoitwa kwa namba, alikuwapo mwanamke aliyeingia katika kila harusi bila kuwa ndugu wa mtu. Jina lake Mize binti Hamad, mzaliwa wa Wete, Pemba, mjane wa Abass mpiga picha, aliyemfundisha kazi hiyo tangu mwanzo wa ndoa yao. Wapiga picha wanaume walikuwapo, tena hodari, lakini mwanamume gani angeruhusiwa ndani siku bibi harusi anatolewa nje, yaani anapoonyeshwa kwa wanawake wenzake, wamevua mabuibui, nywele wazi, wanacheza watakavyo? Hapo aliitwa Bi Mize. Alipiga picha, akazisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza, kisha akamkabidhi mwenye harusi picha pamoja na filamu yake. Hakuna jicho jingine lililoona. Watu walidhani wanamlipa kwa picha, kumbe walichokuwa wakikinunua hasa ni mdomo wake uliofungwa.

Na yeye alikuwa na lake. Abass alipofariki, Mize alikaa eda kama ada inavyotaka, haoni mlango wa barabarani. Aliona ua, na juu ya ua aliona mbingu. Eda huhesabiwa kwa mwezi kuandama, kwa hiyo kila jioni aliutazama, mwanzo kwa huzuni, kisha kwa mazoea, na mwisho, astaghfirullah, kwa hamu. Jioni moja akaitoa kamera ya marehemu, Zenit ya Kirusi nzito kama tofali, akaifungia lenzi ndefu ambayo Abass aliinunua kwa mtafiti mmoja wa ndege wa msituni kule Amani, akaupiga mwezi. Picha ilipotoka kwenye dawa akaona mabonde na makovu ambayo jicho lake halijawahi kuyaona. Alikaa kwenye kile chumba cha giza akicheka peke yake, na yeye mfiwa.

Tangu hapo ikawa ndiyo starehe yake. Mwaka uliofuata jua likapatwa mchana, kuku wakarudi bandani, watu wakakimbilia misikitini. Mize aliweka mbele ya lenzi kipande cha kioo cheusi cha mafundi wa kuchomelea, akalipata jua limebaki ukucha.

Shoga yake Tuhfa hakuwa akilielewa jambo hilo hata kidogo. Tuhfa alikuwa mfanyabiashara, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, na ulimi usiojua breki.

"Mwezi una harusi gani, shoga, hata ukaupige picha?" alimuuliza.

"Angalau wenyewe hauniambii nimeufanya mnene," Mize alimjibu.

Miaka yenyewe ilikuwa ya dhiki. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, unga wa njano ndio huo. Filamu zilitoka Mombasa, zikipita mpaka wa Horohoro ndani ya makopo ya maziwa ya watoto, na aliyezipitisha ni huyo huyo Tuhfa. Wakati mwingine zilifika zimekaribia kuharibika kwa uzee. Kwa hiyo kila filamu iliyomfikia, Mize aliizungushia kikaratasi, akaandika ilifika lini: Mwezi wa 8, Mwezi wa 9, ili ya zamani itangulie kutumika. Picha zake za mwezi alizipiga kwenye mikia ya filamu za watu, kwa idhini yao, pale zilipobaki nafasi mbili tatu.

Kitu kimoja kilikuwa kinamkataa: kupatwa kwa mwezi. Mara ya kwanza mbingu ilijaa mawingu. Mara ya pili mbingu ilikuwa safi, filamu ndiyo haikuwapo Tanga nzima, na Mize alikaa uani na kamera tupu akitazama tu, roho inamuuma.

Ndipo ukafika mwaka wa themanini na tano. Milango ya biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, mitumba inashuka, madukani mnanukia sabuni tena. Jioni moja ya Oktoba, magharibi imeshasaliwa, mwezi ukaanza kumegwa. Mtaani watoto walipiga masufuria, msikitini wakasimama kwa sala ya kupatwa. Mize alisali kwanza, maana mambo kwa mpango, kisha akatoka uani. Safari hii alikuwa na filamu nzima aliyojinunulia mwenyewe. Alipiga taratibu, akingoja, akishika pumzi, mpaka mwezi ulipokuwa mwekundu wote kama kaa linalotaka kuzima. Alihesabu picha kumi. Nafasi nyingine zote zilibaki.

Akiba haiozi. Mize hakuona sababu ya kuisafisha filamu ambayo haijajaa. Aliirudisha ndani ya kopo lake akiacha ulimi wake, ile ncha ya mwanzo, nje, ili aweze kuipachika tena baadaye, akaizungushia kikaratasi, akaandika: Mwezi 10. Maana yake mwezi, picha kumi. Wakati ule aliona hakuna maneno yaliyo wazi kuliko hayo.

Wiki kadhaa zikapita. Maulidi yakaisha, msimu wa harusi ukawaka, na Asmahani, binti pekee wa Tuhfa, akaolewa na kijana aitwaye Abdulhakim, fundi wa mitambo kule Pongwe. Ilikuwa harusi ya kusimuliwa. Kisarawanda, ile nguo nyeupe ya usiku wa kwanza, kilitolewa na somo, kungwi wa bibi harusi, kikiwa na doa la damu, kikapokewa kwa vigelegele, na Tuhfa akatuma habari mpaka Pemba. Siku ya kumtoa bibi harusi nje, Mize aliamka kwa haraka, akafungua kabati, akachukua filamu ya zamani kuliko zote kama kawaida yake. Mwezi 10. Oktoba hiyo, akasema moyoni, na akaipachika.

Baada ya siku mbili alijifungia chumbani kusafisha. Picha za wageni zilikuwa safi kabisa: wanaokula, wanaocheza, wanaotunza. Lakini picha kumi za mwanzo, za Asmahani peke yake amekaa juu ya kiti chake kwa gauni la mahameri jeusi, macho chini, mikono ya hina, kila moja ilikuwa na mwezi: alikuwa amepiga juu ya picha zake za kupatwa. Mpiga picha huweka anachokipenda katikati, na Mize alikuwa ameweka vyote viwili katikati. Mwezi ulikuwa umekaa mapajani mwa bibi harusi. Picha ya kwanza mzima, ya pili umemegwa, na kuendelea, mpaka unafifia na kuwa kivuli cha duara.

Mize aliketi chini. Kiswahili chetu kitamu, lakini kina ubahili wake: neno hilo hilo la kilichoko mbinguni na la ukutani kwenye kalenda, ndilo wanawake wanalolitumia kunong'onezana siku ambazo hawasali. Bibi harusi aliyepigwa picha ana mwezi mapajani! Wataanza kwa kucheka. Kisha mmoja, na daima yupo mmoja, atauliza: je, ikiwa alikuwa mwezini kweli, lile doa la kisarawanda lilikuwa la nini? Utani huo ungefika Pongwe kabla ya picha yenyewe. Aliwaza kuupaka wino mwezi huo, akaona kila mwenye macho angeuliza kilichofichwa chini ya wino ni nini.

Hata hivyo, na hapa lazima isemwe, alipoinua filamu kwenye mwanga moyo wake ulimdunda kwa furaha. Ulikuwa pale. Mwezi wake uliopatwa, wazi, hatua kwa hatua. Akaamua atakwenda Pongwe kwa Asmahani mwenyewe, amweleze kosa, amwombe kitu kimoja tu: filamu ile ibaki kwake, aifungie, asiione mtu.

Alimkuta Asmahani uani kwenye nyumba alimopanga chumba na mumewe, anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama Mize."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na nyumba yako?"

Mize hakujua kuzunguka. Akamtolea picha moja, akampa. Asmahani akaitazama, mara sinia likamtoka mikononi, mchele ukamwagika.

"Nani kakwambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kaniambia nini, mwanangu?"

Maneno yakimwagika ni kama ule mchele, huokoti yote. Asmahani akaanza kulia, na katika kulia akasema. Mwezi ulimjia siku ile ile ya nikaha, kabla ya wakati wake. Somo alipomuuliza akaona haya, akasema yu tohara, kwa kuwa mama yake alikuwa ameshaalika mji. Abdulhakim alipoingia chumbani, Asmahani akamwambia ukweli. Naye kijana akasema, basi, mke wangu, tuna umri mzima mbele yetu. Tumpe mama furaha yake, mengine yatasubiri. Nguo ikatoka na doa. Asubuhi wanawake wakapiga vigelegele, na wao wawili wakatazamana.

"Mama akijua ataanguka," alisema Asmahani. "Na watu hawatasema nilikuwa mwezini. Watasema nilikuwa nimeshaharibika, nikatafuta siku ya kujificha nyuma yake. Mama Mize, filamu yake iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya mkoba wa Mize, imefungwa kwenye karatasi laini. Alikuwa amepanga maneno yake njia nzima: wewe sikutaki, mwanangu, nautaka mwezi tu. Lakini alimtazama yule binti, aliyempiga picha tangu siku ya arobaini yake, na maneno hayo akayaacha. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe haina budi kuvunjwa wakati mwingine.

Jiko la mkaa lilikuwa karibu, linangoja sufuria. Mize akavitoa vipande vya filamu akavilaza juu ya makaa, kimoja baada ya kingine, na ile picha juu yake. Vilijikunja, vikatoa harufu kali, vikaisha. Asmahani alimbusu mikono. Hakujua kilichoungua zaidi ya aibu yake, na Mize hakumwambia.

Kesho yake akaenda kwa Tuhfa na picha zilizobaki. Sebule ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kuzitazama. Tuhfa alizipitia mara ya kwanza, akazipitia tena.

"Mbona watu wanakula tu? Mwanangu yuko wapi?"

"Filamu iliingia mwanga mwanzoni," Mize alisema. "Picha zake zimepotea."

"Zimepotea? Zote?"

"Zote."

"Nani alizipoteza?"

"Mimi."

Tuhfa alisema maneno mengi siku ile, mengine hayafai hapa. Kwamba aliweka roho yake rehani kuzipitisha filamu hizo mpakani. Kwamba mtu aliyeshindwa kumwona bibi harusi mbele yake ana haja gani ya kutazama mbinguni. Wanawake wakatikisa vichwa. Mize aliomba radhi, akaaga, akaenda zake. Alipofunga mlango wake alilia, na hakulilia jina lake. Aliulilia mwezi.

Msimu ule hakuitwa tena. Vigelegele alivisikia kutoka mitaa ya jirani. Mjini likafunguliwa duka la kusafisha picha za rangi, filamu zikajaa kwenye rafu kama biskuti, na wanawake wakagundua baada ya furaha za mwanzo kwamba vijana wa dukani huziona picha zote kabla yao. Wengine walianza kumkumbuka Bi Mize, lakini nani ataanza, na Tuhfa yupo?

Asmahani akajifungua mtoto wa kike. Arobaini ilipokaribia, asubuhi moja mlango wa Mize ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa Tuhfa, jasho linamtoka, kanga imemwangukia begani.

"Sikuja kwa hiari yangu," alisema kabla ya salamu. "Sijui umemlisha nini mwanangu. Nimemwambia nitamleta mtu mwingine, kasema hapigwi picha na mtu yeyote isipokuwa wewe. Nikamuuliza, huyu huyu aliyepoteza picha zako? Unajua kanijibu nini?"

"Sijui."

"Eti ndiyo sababu yenyewe. Eti katika Tanga nzima hajaona mtu anayejua kupoteza picha kama wewe. Hebu nieleze, shoga, maneno gani hayo?"

Mize aligeuka upesi kabatini, akashughulika na mkanda wa kamera kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Ya watoto wa siku hizi," alisema. "Arobaini ni lini?"