Maji Bila Mvua

Harufu ya dagaa wa baharini sokoni Tunduma bado hunisimamisha.

Tulikuwa likizo pwani, familia nzima kutoka Iyula, mbali na bahari. Bahari ilikuwa imekupwa, tukatembea juu ya matumbawe tukichungulia samaki wa bluu vidimbwini. Mama alimlaza mdogo wangu mchanga kwenye mwamba, juu ya kitenge, kama alivyozoea kumlaza pembeni mwa shamba la kahawa, nasi tukasogea mbele.

“Mama, maji yanaongezeka.”

“Yaongezeke vipi, mwanangu, na mvua haijanyesha?”

Tulipogeuka, mwamba ulikuwa umezingirwa. Baba alijitosa, maji yakamfika kifuani. Alirudi amemwinua mtoto juu ya kichwa, bado amelala. Mama alimpokea.

Msimu ule alichuma kahawa yote na mtoto mgongoni.