Nyumba Iliyokaa Juu ya Mpaka

Mji wa Metropole, katika mbuga za Dakota, ulikuwa na barabara mbili, na zote mbili zilikuwa tope. Ulikuwa na baa nne, kanisa moja lisilo na paa, duka la kila kitu lililokuwa limeishiwa karibu kila kitu, na mti mmoja, ambao mbwa wote wa mji waliuheshimu kwa namna yao. Gazeti pia lilikuwepo. Mhariri wake, Bwana Lucius Wendover, aliandika kila Alhamisi kwamba haitapita miaka mitano kabla Chicago haijaja Metropole kuomba ushauri.

Gazeti hilo ndilo lililomleta Drusilla Haskett. Alilisoma kwao Ohio mwaka 1881, katika chumba kidogo nyuma ya jiko la kaka yake, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Wifi yake ndiye aliyemwekea mezani, limekunjwa vizuri upande wa habari za ardhi ya bure.

"Nimeona litakufaa, wifi yangu," alisema. "Wanasema hewa ya huko ni nzuri mno."

Wifi huyo alikuwa na mapenzi ya ajabu. Alimsindikiza Drusilla mpaka kituoni, akasimama pale hadi treni ilipopotea machoni, ahakikishe kwamba imeondoka kweli.

Kazi ya Drusilla ilikuwa kushona kofia za kike. Aliposhuka kwenye gari la farasi Metropole na sanduku lake la manyoya na utepe, aliambiwa kwamba mji una wanaume themanini na wawili na wanawake tisa, naye akiwemo. Amesafiri maili elfu moja, basi, kuja kuwauzia watu wenye ndevu kofia za maua. Mwingine angeangua kilio. Yeye alikwenda moja kwa moja ofisi ya ardhi, akaomba aandikishwe ekari mia moja na sitini kwa jina lake mwenyewe. Sheria ilimruhusu: mwanamke asiye na mume achukue kipande, ajenge, alime, aishi hapohapo miaka mitano bila kuhama, na ardhi iwe yake.

Karani alimtazama juu ya miwani. "Unajua kulima, mama?"

"Wewe unajua kushona kofia?"

"Hapana."

"Basi tumetoshana nguvu. Andika."

Alijenga nyumba ya mabonge ya udongo na nyasi, kama walivyojenga wote, na kama wote alikula supu yenye mchanga kila upepo ulipovuma, yaani kila siku. Jumapili ya kwanza walikuja wachumba saba. Mmoja alileta bata aliyekufa, hakueleza alikufaje. Mwingine alikuja na meno mapya ya bandia, akayatoa na kuyarudisha mbele yake, amwonyeshe kwamba sasa anaweza kula chochote atakachopikiwa. Drusilla aliwashukuru wote, akawafungia mlango.

Bwana Wendover hakuja na bata. Yeye alikuwa msomi. Alimtungia beti katika gazeti, akamwita Waridi la Mbuga, akaisifu shingo yake kwa safu nzima, katikati ya tangazo la dawa ya minyoo na tangazo la majembe. Wakati huohuo mji mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba reli itapita kwenye shamba la Drusilla. Uvumi huo Wendover aliuanzisha mwenyewe ili kuuza magazeti, kisha akausikia unarudi kutoka kwa watu wanane, akauamini. Mapenzi yake yalianza kuchemka papo hapo.

"Bi Drusilla," alimwambia siku moja, mkono kifuani, "mwanamke kama wewe hakuumbwa kuteka maji mtoni."

Hapo alisema kweli, ingawa kwa bahati tu. Mto ulikuwa maili mbili, na mgongo wa Drusilla ulishachoka. Hivyo akamwita mchimba visima.

Mchimba visima alikuwa jirani yake wa upande wa magharibi, Mnorwei aitwaye Halvor Nygaard, mwanaume mwenye mabega kama mlango wa ghala. Kwa miezi minne ya ujirani alikuwa amemwambia Drusilla maneno mawili, yote mawili yakiwa "Ndiyo." Akikutana naye njiani alivua kofia, akawa mwekundu mpaka masikioni, akaivaa tena kinyumenyume. Mjini walimwita Gogo. Kwa mji ambao mtu wake mwenye akili kuliko wote alikuwa Wendover, hiyo haikuwa aibu kubwa.

Walipatana: Halvor achimbe, Drusilla azungushe roda na kupandisha ndoo za udongo. Siku ya kwanza ilipita kimya. Siku ya pili, shimo likiwa limemzidi kimo mara mbili, sauti ikatoka chini.

"Bi Haskett! Umewahi kuona bahari?"

Drusilla nusura aachie kamba, jambo ambalo lingeyamaliza mapenzi haya mapema.

"Ni wewe unayesema?"

"Hakuna mwingine huku."

"Kumbe unaweza kuongea!"

"Huku chini hunioni," alisema Halvor. "Nikikuona, maneno yanakimbia."

Kuanzia siku hiyo aliongea kama mtu aliyefungwa mdomo miaka ishirini. Alimsimulia habari za samaki wa kwao, za babu yake aliyemchukia kasisi kwa sababu ya mbuzi, za theluji inayofunika madirisha. Drusilla naye, akiwa amesimama juu na jasho likimtiririka, alijikuta akilisimulia shimo mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba alichoka kuwa mgeni katika nyumba ya kaka yake, kwamba anapenda kofia za manjano na hajawahi kuthubutu kuvaa moja. Halvor alicheka, shimo zima likacheka naye. Kisha alipanda juu, akamwona, akawa gogo.

Futi arobaini, hakuna maji. Wakahamia pengine. Futi hamsini, vumbi tupu.

"Halvor," Drusilla aliita shimoni, "ulijua hapa hakuna maji?"

Halvor alijaza kwanza ndoo nyingine ya udongo.

"Nilishuku."

"Sasa kwa nini umechimba wiki mbili nzima?"

"Nilikuwa sijamaliza kukusimulia habari za mama yangu."

Drusilla alilazimika kukaa chini. Mwanaume amehamisha udongo wa kujaza kanisa ili apate kuzungumza naye. Mashairi ya shingo yalionekana kazi rahisi sana ghafla.

Shimo la tatu lilitoa maji kwa futi sitini na moja, na maji yakiwa yanamfika magotini, Halvor alimwomba wafunge ndoa. Wanawake wengine huposwa kwenye waridi na mbalamwezi. Yeye aliposwa kutoka ardhini, na mtu aliyekuwa anatetemeka kwa baridi.

Moyo wake ulisema ndiyo. Mdomo ukakataa.

"Nikihamia kwako, shamba langu limekwenda, miaka mitano haijaisha. Ukihamia kwangu, lako limekwenda. Mimi nimetoka kwenye chumba cha nyuma cha mtu, Halvor. Sihamii tena kwa mtu."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako. Na sitakufukuza kwenye shamba lako pia."

Halvor alipanda, akamaliza kujengea mdomo wa kisima kwa mawe, akavua kofia, akaenda zake. Siku tisa hakuonekana. Drusilla alikunywa maji yake matamu na kuyaona machungu.

Siku ya kumi asubuhi alikuwa dukani akinunua uzi, mtu akaingia mbio: kuta za kisima kinachochimbwa kwa mfuga farasi mmoja zimeporomoka, Gogo yumo ndani. Drusilla aliacha uzi, akaacha kofia, akakimbia nusu maili kwenye tope akiwa ameshika sketi mkononi mbele ya macho ya mji wote.

Halvor alikuwa chini kabisa, amefukiwa mpaka kifuani. Wanaume kumi walikuwa wakichimba shimo la pembeni polepole, maana wangeharakisha, udongo uliobaki ungemmaliza. Wendover alikuwepo na kalamu yake.

"Bi Drusilla, wewe ni jirani yake," alisema kwa upole. "Nygaard inaandikwa kwa 'a' moja au mbili?"

"Mtu bado mzima!"

"Ndiyo, ndiyo. Lakini gazeti linatoka kesho."

Drusilla alimsukuma kando, akalala kifudifudi kwenye ukingo. "Halvor! Ni mimi. Usilale. Niongeleshe."

"Drusilla?" Sauti ilikuwa nyembamba. Ndiyo mara ya kwanza alipomwita kwa jina lake tupu.

Kwa saa tano mfululizo alimwongelesha. Alimaliza habari zote alizokuwa nazo, akaanza kumsomea kwa kichwa majina ya kila namna ya kofia na jinsi inavyoshonwa. Karibu na mwisho Halvor akamkatiza.

"Nimepata. Nyumba."

"Nyumba gani?"

"Tuijenge juu ya mpaka. Nusu kwako, nusu kwangu. Wewe unalala kwenye ardhi yako, mimi yangu. Hakuna anayehama."

"Umefukiwa mpaka kifuani na wewe unajenga nyumba?"

"Sina kazi nyingine."

Drusilla akacheka na kulia kwa pamoja, mdomo ukijaa mchanga. "Ndiyo," alisema. "Umesikia? Ndiyo! Sasa toka huko, mwanaume wewe!"

Alitoka akiwa amevunjika mguu mmoja na mbavu mbili. Gazeti lilisema ameokolewa kwa ushauri wa busara wa mhariri.

Walifunga ndoa mwezi wa Oktoba, Drusilla amevaa kofia ya manjano kubwa kama sinia, nao wakajenga nyumba moja ndefu juu ya vigingi vya mpaka. Wendover, ambaye moyo wake uliovunjika uliuma hasa upande wa reli, alipeleka malalamiko ofisi ya ardhi kwamba wawili hao wanaidanganya serikali. Karani yuleyule akaja na mnyororo wa kupimia. Alipima sebule, alipima jiko, akafika chumbani, akakuta vitanda viwili vimegusana, na mstari wa chokaa sakafuni ukipita kati.

"Kila mmoja analala kwake?" aliuliza.

"Kila mmoja ana kitanda kwake," alijibu Drusilla.

Karani alitazama tumbo la Drusilla, ambalo lilikuwa limeanza kutoa ushahidi wake lenyewe. Akakohoa.

"Sheria inauliza kitanda kiko wapi," alisema, akaandika. "Mengine haiulizi."

Hati zote mbili zilitoka kwa wakati wake. Reli nayo ilikuja, ikapita maili tisa kusini. Metropole ilipandishwa juu ya magogo, nyumba baada ya nyumba, ikavutwa na maksai kuifuata, baa zikitangulia. Wendover aliandika kwamba mji umeamua kwa hiari yake kwenda kuipokea reli.

Akina Nygaard walibaki kwenye mbuga, na watoto watatu, na maji. Halvor alizoea kuongea juu ya ardhi, mwanzoni akitazama ukuta, baadaye akimtazama mkewe, na mwishowe ikawa kazi kumnyamazisha. Alipenda kahawa iliyochemshwa na yai, kama kwao. Drusilla alisema hicho ni kifungua kinywa kilichozama. Walizozania jambo hilo kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne, na hakuna hata asubuhi moja ambayo mmoja wao alikunywa yake kabla mwenzake hajaketi.