Paka Aliyeitwa Mtoza Ushuru

Ukimwuliza Dobi, atakwambia ugomvi aliuanza paka. Na kwa kweli hakuna aliyemwalika. Alikuwa dume la rangi ya kutu, kichwa kama ngumi mbili, sikio moja limeliwa katika vita vya zamani, na alikuwa na tabia ya kupita nyumba hadi nyumba akichukua chake bila kuomba wala kushukuru. Fundi viatu wa nyumba ya pili ndiye aliyempa jina la Mtoza Ushuru, na mtaa mzima ukalipokea.

Dobi naye jina lilimtoka kazini. Alikuwa na chumba cha mbele ya barabara, pasi mbili nzito, meza ndefu iliyotandikwa blanketi, na beseni la wanga wa kukazia kola. Wenye utani walimwita Mama Wanga, na mgeni akilisikia jina hilo akarudi nyuma hatua mbili akidhani ameletwa kwa mchawi, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyewe hakucheka sana. Alikuwa mwanamke wa kukata maneno. Akishaamua ameamua, na wewe uliyebaki na swali lako utajua pa kulipeleka. Kazini tabia hiyo ilimfaa, maana wateja wa nguo ukiwachekea watakwambia kola iliyochanika miaka mitatu iliyopita umeichana wewe. Nyumbani ni habari nyingine.

Nyumbani aliishi na mama yake na paka wawili. Mama alikuwa karani wa posta, kaunta ya vifurushi, tangu usichana hadi kustaafu. Kisha presha ya macho ikamla nuru kidogo kidogo mpaka ikaimaliza. Dobi akampigia simu kaka yake, wakazungumza wao wawili, wakakubaliana: nyumba ya mama wapewe wapangaji, mama ahamie kwa binti. Ni uamuzi mzuri, na mtu yeyote angeufanya. Tatizo ni kwamba mama aliambiwa siku ambayo lori la kubeba vitu lilikuwa limeshasimama mlangoni. Akasema, "Haya," kisha akauliza kama kiti chake nacho kinaweza kuja.

Kiti kikaja. Kikawekwa jikoni karibu na dirisha, na hapo mama akakaa, blanketi dogo miguuni, kuanzia binti anapotoka asubuhi mpaka anaporudi jioni na harufu ya sabuni.

Paka wenyewe walikuwa Pamba, jike jeupe lenye maringo ya bibi harusi, na Kijiti, mweusi mwembamba anayeogopa hata kifuniko cha sufuria. Walikuwa wanaishi kwa raha zao hadi Mtoza Ushuru alipoligundua lile dirisha la jikoni. Mara ya kwanza alikula chakula chao chote akaondoka. Mara ya pili alikula, akampiga Kijiti, ndipo akaondoka. Baada ya hapo hakuwa na haraka tena. Akawa anakojolea miguu ya meza kama mtu anayepiga mihuri. Pamba alihamia juu ya kabati na kukataa kushuka, na siku moja Dobi alimkuta na kidonda shingoni kimevimba usaha. Daktari wa mifugo alikitumbua, akasema ni meno ya dume, na akashauri huyo dume azuiwe.

Azuiwe vipi? Dobi alimmwagia maji. Mtoza Ushuru alikwenda ukutani, akajilamba akakauka, akarudi. Alimrushia ndala, akamrushia ufagio, akapaka pilipili kizingiti cha dirisha na kusahau, akajifikicha jicho, akalia yeye. Fundi viatu alisimulia habari hiyo wiki nzima.

Lililomkera zaidi ni dirisha. Kila asubuhi alilifunga kwa komeo, na kila jioni alilikuta wazi.

"Mama, nani kafungua?"

"Mimi, mwanangu. Joto."

"Ukifungua, lile jambazi linaingia. Linawaua wenzake humu ndani."

"Ooh," mama akasema. "Basi nitakumbuka."

Kesho yake lilikuwa wazi tena. Dobi akampigia simu kaka yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama ameanza kusahau.

Na kila jioni, akivua viatu, aliuliza, "Umeshindaje?" Mama naye alijibu, "Salama. Paka kalala mapajani mpaka mguu ukafa ganzi." Aliyasema hayo akitabasamu, na Dobi alifurahi. Angalau Pamba anapata pa kujifariji, alijiambia. Angejiuliza tu, hapo hapo, paka anayeshinda juu ya kabati ameshuka saa ngapi kulala mapajani, mambo yangekuwa mengine. Lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa nguo za watu, na mama alikuwa amesema salama.

Kilichomfikisha mwisho ni koti la bwana harusi. Alikuja nalo nyumbani kushona kifungo, akalitundika nyuma ya mlango, likateleza likaanguka. Asubuhi Mtoza Ushuru akamkimbiza Kijiti chumba hadi chumba, na Kijiti, kwa hofu aliyokuwa nayo, akajificha ndani ya koti na kujikojolea humo. Dobi alilifua, akalinyoosha, akalinusa, akalifua tena. Bwana harusi alipokuja kulichukua alivuta pumzi mara mbili, akamwangalia, akaondoka bila kusema asante. Damu ilimchemka Dobi mpaka masikio yakawa ya moto. Jina la dobi likishanuka, nani tena atamletea nguo?

Siku iliyofuata hakwenda kazini mapema. Aliweka boksi la katoni jikoni na kichwa cha samaki ndani yake, akajibanza nyuma ya mlango, tayari kupambana. Hapakuwa na mapambano. Mtoza Ushuru aliingia dirishani taratibu, akajinyoosha, akaanza kumwendea mama kitini, ndipo harufu ya samaki ikamgeuza. Akaingia katonini kama anaingia chumbani kwake. Dobi akafunika, akakaza kamba, akajisifu kwa akili zake.

"Ni nini kinalia?" mama akauliza.

"Lile jambazi, mama. Leo linahama. Dereva wa gari la sabuni anakuja sasa hivi, atalipeleka ghalani kwao. Kule panya wamewashinda, litakula mpaka litapike."

Mama alikuwa ameweka viganja viwili juu ya blanketi. Ndani ya boksi yule paka alilia tena, sauti ndogo isiyolingana na kichwa chake.

"Haya," mama akasema.

Basi nyumba ikapata amani. Pamba alishuka kabatini siku ile ile. Kijiti akanenepa, akaanza hata kucheza na kamba za viatu. Dobi aliwaeleza wateja wote jinsi alivyomaliza kazi, na fundi viatu akasema hata yeye sasa anakula chakula chake cha mchana bila kugawana na serikali.

Ila mama akawa mtu wa kulala. Jua likizama tu anaomba kupelekwa kitandani. Chakula anakigusagusa. "Umeshindaje?" "Salama." Na hapo maneno yanaisha. Dobi alimpeleka hospitali, wakampima hiki na kile, wakasema ni umri. Akanunua redio mpya. Mama akashukuru, na redio ikabaki imezimwa.

Ikafika siku ya kufua vitu vya nyumbani, ambavyo kwa Dobi vilikuwa vya mwisho siku zote, baada ya vya wateja. Alilibeba blanketi la miguu ya mama hadi kazini, akalitandaza mezani kulikagua, kama anavyokagua nguo yoyote kabla haijaingia majini. Dobi anaisoma nguo. Akiona kola anajua mwenyewe ana jasho la namna gani, akiona kiwiko anajua kama anaegemea meza. Basi akasoma. Katikati ya blanketi, mahali pa mapaja, palikuwa na manyoya. Hayakuwa meupe hata moja. Hayakuwa meusi. Yalikuwa ya rangi ya kutu, mazito, yamesokotana na sufu ya blanketi, tabaka juu ya tabaka, ya paka aliyelala pale miezi na miezi.

Pasi iliyokuwa imewashwa ikaunguza kitambaa cha mezani, na hakuisikia harufu mpaka mteja alipomwita. Roho ilimuuma. Aliona dirisha, akaona komeo, akaona kwamba mama hakuwahi kusahau kitu.

Alifunga duka mchana, jambo ambalo halijatokea tangu alifungue, akamtafuta dereva wa gari la sabuni.

"Mama Wanga, nikufiche nini," dereva akasema akikuna kisogo. "Huko ghalani hakufika. Njiani alikojoa, gari lote likanuka, na alilia kama mtoto. Nikasimama kituo cha mafuta, nikalegeza kamba apate hewa. Nikashtukia anayeyuka tu kwenye majani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema unataka aondoke. Nikaona ameondoka."

Dobi alikwenda kile kituo cha mafuta. Alizunguka nyuma ya matairi mabovu, akachungulia mtaroni, amevaa nguo zake nzuri, watu wakimwangalia. Kijana wa pampu alimhurumia akasema, "Mama, mwite jina lake, labda atasikia." Dobi akafungua mdomo, akaufunga. Mtoza Ushuru lilikuwa jina la kumtukania. Jina ambalo mama alimwitia, mchana wote ule wakiwa wawili jikoni, hakulijua. Alirudi Jumapili, akarudi na Jumapili ya pili yake. Hakuona kitu.

Hapo alipiga moyo konde. Alivuta kigoda akakaa mbele ya kiti cha mama.

"Mama, yule paka mwekundu ndiye aliyekuwa analala kwako."

"Ndiye."

"Ulikuwa unamwitaje?"

"Sikuwa namwita," mama akasema. "Alikuwa anakuja mwenyewe."

"Nimemtafuta, mama. Sijampata. Kwa nini hukuniambia? Ulimsikia ndani ya boksi, ungesema neno moja tu ningemfungua."

Mama aliuelekeza uso wake ilikotoka sauti. "Nyumba ni yako, mwanangu. Paka ni wako, na yeye alikuwa anawaumiza, hilo ni kweli. Mimi ninayekaa kwa mtu, nianze tena kuleta na wageni wangu?"

"Hukai kwa mtu. Hapa ni kwako."

"Ndiyo. Asante sana, mwanangu."

Aliisema asante hiyo kama alivyozisema nyingi posta, kwa adabu yote, kana kwamba kati yao bado kuna kioo cha kaunta. Dobi alitamani atukanwe. Ugomvi angeuweza, alikuwa na uzoefu nao.

"Ila kuna kitu kimoja nataka kukuomba," mama akasema, akilivuta blanketi lililofuliwa, safi, halina hata unyoya. "Siku ukinichoka na mimi, uniambie mapema kidogo. Nisije nikashtukia tu gari limefika."

Hakulisema kwa kinyongo. Alilisema kama mtu anayetaka kujua saa ya kufunga mizigo. Dobi alitaka kuapa kwamba siku hiyo haipo, haitakuwepo, lakini akaliona lile lori la kwanza limesimama mlangoni kwa mama, akakiacha kiapo. Alijua anatakiwa aseme kitu, na aseme upesi.

"Nitakwambia, mama," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akashukuru tena. Na Dobi akabaki pale kigodani, neno limeshamtoka, akitafuta namna ya kulirudisha.